Dirisha Dogo Kabla ya Somo
Na Salim Mwinyi Faki

Katika mambo yanayowavunja moyo vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, hasa zile zenye madirisha na vitufe, sioni lililo zito kuliko kuachwa waanze kazi kabla ya kuhakikisha kwamba vyombo vyao vimetimia. Mwanafunzi huketi, akanakili herufi kwa herufi mistari aliyopewa, na ijapokuwa hakukosea hata nukta, akajibiwa kwa ujumbe wa kosa. Naye, kwa kuwa hajapata bado maarifa ya kupambanua baina ya taksiri yake na ila ya chombo, aghalabu hujihukumu mwenyewe kuwa hana akili ya fani hii, akaiacha.

Mathalani lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum huko Uholanzi mwaka 1991, ina maktaba ya kuundia madirisha iitwayo Tkinter, nayo hutegemea Tk, kazi ya John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kisakinishi rasmi cha Windows huziweka zote pamoja. Walakini mwenye mfumo wa Ubuntu aghalabu hana budi kuongeza kifurushi cha python3-tk, na asipoambiwa hayo atakesha akitafuta kosa katika mistari isiyo na kosa.

Dawa yake ni amri moja tu: python -m tkinter, na penye Ubuntu, python3. Mambo yakiwa yametengemaa, hufunguka dirisha dogo linalotaja toleo la Tk, chini yake vitufe viwili. Cha kwanza, kila kibonyezwapo, maandishi yake huzungushiwa mabano ya mraba, jozi juu ya jozi, hata dirisha likatanuka, na cha pili hulifunga. Kwa mbonyezo mmoja mubtadi amepata yakini kwamba skrini inachora, kipanya kinatii na amri inatekelezwa, ilhali yeye hajaandika kitu. Hitilafu itakayozuka baadaye ataitafuta katika maandishi yake pasi na shaka: labda amesahau kuita mainloop, amri inayoliweka dirisha wazi, au faili lake ameliita tkinter.py, jina linaloifunika maktaba yenyewe isionekane.

Nawasihi basi waalimu wetu, na hasa wale wanaofundisha katika vyumba ambamo kila kompyuta imetoka kwake, waifanye amri hiyo kuwa somo la kwanza kabisa, na mwanafunzi asivuke kwenda la pili hata dirisha lile limfungukie katika mashine atakayoitumia. Ambaye halikumfungukia, na asaidiwe siku hiyo hiyo, wala asiambiwe akajaribu nyumbani.