Msimharakishe Anayesokota



Leo ujumbe ni mrefu kidogo, na mwanzo wake ni toba yangu mwenyewe. Naomba usome hadi mwisho kabla ya kuandika Amina.

Jumatano iliyopita nilipanda Kinangop kuwatembelea washirika wetu wa huko. Mwezi wa saba kule si mchezo. Ukungu unashuka kutoka milima ya Aberdare, unakaa hadi saa sita mchana, na nguo uliyofua Jumatatu unaianua Alhamisi ikiwa bado mbichi. Wakati huu wa baridi watu wengi hukaa karibu na jiko wakingoja mwezi wa tisa.

Nilimkuta mama mmoja wa kanisa letu katika chumba cha nyuma ya jikoni akisokota sufu. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kanyagio la gurudumu, na vidole vikiachilia manyoya kidogo kidogo hadi yanakuwa uzi. Kwenye kamba chini ya paa kulikuwa na mafungu ya uzi yaliyotiwa rangi: mengine manjano ya dhahabu, mengine rangi ya kutu, mengine yameachwa meupe kama yalivyotoka kwa kondoo. Kando ya ukuta kulikuwa na rafu mpya za mbao ambazo bado hazina kitu.

Nikamuuliza, "Mama, duka unafungua lini?"

Akasema, "Mwezi wa kumi na moja, Pasta, kama uzi utatosha. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Nairobi wakiwa na pesa na wanahisi baridi. Saa hii nasokota, wakati huo nitauza."

Mimi na mazoea yangu ya madhabahuni nikafungua mdomo. Nikamwambia, "Mama, usingoje! Fungua kwa imani. Mungu ndiye anayejaza rafu."

Hakunijibu. Alinipa sufu kiganja kimoja, akanionyesha kiti, akasema, "Jaribu, Pasta." Nilikanyaga, nikavuta, na uzi ukakatika. Nikavuta tena, ukakatika tena. Akacheka kwa upole. "Unavuta kwa nguvu. Ukivuta kwa nguvu unakatika. Ukilegeza sana unakuwa mnene na hauna kazi."

Baadaye, akimimina chai, alisema jambo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Duka lilikuwa lifunguliwe mwaka jana. Sufu hununuliwa wakati wa jua, kwa sababu hakuna mfugaji mwenye huruma anayemkata kondoo manyoya baridi ikiingia. Alikuwa ameweka shilingi 12,000 za kununua sufu kwa majirani mwezi wa pili. Halafu ikaja ile Jumapili ya mabati.

Wapendwa, hiyo Jumapili mnaikumbuka. Mimi pia naikumbuka. Nilisimama nikasema kwamba mbegu isiyouma haizai, na kwamba kuna mtu hapa ameshika pesa ambayo Mungu anaitaka leo. Nilisubiri. Nilirudia. Kinanda kilikuwa kinapigwa polepole. Na mama huyu akasimama akaileta bahasha.

Sufu ya mwaka huo ilinunuliwa na wengine. Mwaka mzima gurudumu likakaa kimya.

Hakuniambia kwa kulalamika. Aliniambia kwa sababu niliuliza duka linafunguliwa lini. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekaa kimya ndani ya matatu, na tangu hapo nimekuwa nikisoma Biblia yangu upya kuhusu jambo hili. Nataka niwaambie nilichoona.

Kwanza nimesoma Kutoka 35. Hema la Bwana lilikuwa linajengwa, na mstari wa 25 na wa 26 unasema juu ya wanawake wenye ustadi waliosokota kwa mikono yao wakaleta walichosokota, nyuzi za rangi na za kitani, na wengine wakasokota singa za mbuzi. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, siku zote nikisisitiza kutoa. Sikuwahi kuona kwamba wanawake hawa walileta uzi. Musa hakuja kuwanyang'anya vyombo vya kusokotea. Walitoa tunda la kazi, na kazi ikaendelea kuwa yao. Mimi kwa mama yetu nilipokea sufu kabla haijawa uzi, na gurudumu likasimama.

Pili nimesoma Marko 12. Sisi wahubiri tunapenda sana mjane wa senti mbili, kuanzia mstari wa 41. Lakini hebu panda juu mstari mmoja tu, usome wa 40. Hapo Yesu anawaonya watu juu ya viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Ni katika hali hiyo ndipo mjane anaonekana akitoa riziki yake yote. Yesu aliona moyo wake na akauheshimu. Lakini aliyesoma mstari wa 40 hawezi kumtumia mama huyo kama chambo cha kuvutia wajane wengine. Nilisomeshwa chuo cha Biblia kwamba andiko linasomwa pamoja na majirani wake. Nilijua. Siku ile sikutaka kukumbuka.

Tatu nimesoma 2 Wafalme 4, mjane aliyedaiwa. Elisha alimwuliza swali ambalo sisi wachungaji tunalisahau: una nini nyumbani? Alikuwa na chupa ya mafuta. Nabii akamtuma akaazime vyombo, vingi, halafu aingie ndani na wanawe, afunge mlango, amimine. Vyombo vilitangulia muujiza, na vilipokwisha mafuta yalikoma. Halafu alipomrudia Elisha, hakuambiwa alete sehemu ya mtumishi. Aliambiwa auze, alipe deni, na kinachobaki aishi nacho yeye na watoto.

Najua kuna mtu ataniuliza, "Pasta, na mjane wa Sarepta? Si Elia aliomba mkate wake kwanza?" Ni kweli, ni swali zuri. Lakini Elia alikuwa na neno la Bwana la kumtuma kwa mama huyo, na ahadi ya kwamba unga hautaisha, na haukuisha. Tena alikaa katika nyumba ile ile na kula katika pipa lile lile. Unga ungeisha, naye angelala njaa. Mimi siku ya mabati sikuwa na neno juu ya mama yetu. Nilikuwa na bili ya mabati. Na jioni ile nilikula kwangu, sikuenda kula kwake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauandika hadharani ili mnishike nao: mtaji wa mtu anayejiandaa si mbegu ya kuombwa madhabahuni. Faida yake ikija, fungu la kumi lake litakuja kwa furaha. 2 Wakorintho 8:12 inatufundisha kwamba Mungu anakubali kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, na 9:7 kwamba kutoa kusiwe kwa kulazimishwa. Kinanda, kurudia rudia, na kumsubiri mtu hadi aone aibu ya kukaa, hiyo ni kulazimisha, hata kama tumeipaka mafuta.

Tuliketi na wazee wa kanisa Ijumaa. Haikuwa kikao chepesi. Mzee mmoja alisema tukirudisha sadaka moja, kesho watarudi mia. Nikamwambia kama kuna mia tuliowachukulia hivyo, basi waje. Tulikubaliana kumrudishia mama 12,000 zake. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alipokea, tulipomwambia si msaada, ni deni. Ameniruhusu niandike habari hii mradi nisimtaje jina, kwa hiyo tafadhali msitafutane kwenye maoni.

Sasa nigeukie upande wenu, wapendwa, kwa maana kosa si la wachungaji peke yetu.

Tumejifunza kuheshimu ushuhuda, hatujajifunza kuheshimu maandalizi. Mtu akisimama na kusema alipata kazi ghafla, tunaruka. Mtu akiwa mwezi wa tano anasokota, tunamwuliza mbona hatuoni kitu. Ukweli ni kwamba hamjui kinachofanyika nyuma ya jikoni. Nilijifunza siku moja tu, na nilichoka kwa kusikiliza.

Sufu unainunua kwa kilo, ikiwa na mafuta, vumbi na mavi ya kondoo. Ukishaiosha, sehemu kubwa ya uzito imekwenda na maji, wakati mwingine karibu nusu. Na huioshi kama sweta ya shule. Ukiisugua kwenye maji ya moto kisha ukaitupa kwenye ya baridi, inagandamana, na huwezi kuichana tena. Baada ya kuosha unaikausha, na mwezi wa saba Kinangop kukausha ni siku nyingi. Unaichambua kwa mkono, unaichana kwa brashi mbili zenye meno ya waya, ndipo unasokota. Kisha unasokota nyuzi mbili pamoja ili uzi uwe imara.

Rangi nayo ina subira yake. Kwanza uzi unachemshwa polepole na shabu, kama gramu 100 kwa kila kilo ya uzi mkavu, ili rangi ishike. Maganda ya vitunguu yanatoa ile manjano ya dhahabu. Mama ameyaomba kwa akina mama mboga, ambao walikuwa wanayatupa. Majani ya mkaratusi yanatoa rangi ya kutu. Na sufuria likishaiva halifunuliwi upesi. Uzi unaachwa upoe humo humo hadi asubuhi. Nilimwuliza, "Ukiutoa mapema?" Akasema, "Utatoka na rangi, Pasta. Lakini ikioshwa mara ya kwanza, inaondoka."

Nimeihubiri sentensi hiyo moyoni mwangu wiki nzima. Wangapi tumewatoa sufuriani mapema? Kijana ameokoka Januari, Machi tumempa kipaza sauti. Dada ameanza kushona, mwezi wa pili tunamwambia akodi duka mjini kwa imani. Na maji ya kwanza yakipita, rangi inaondoka, halafu tunasema hakuwa na imani.

Yesu mwenyewe katika Luka 14:28 alimsifu mtu anayeketi kwanza akahesabu gharama ya mnara. Mama yetu ameketi na kuhesabu kodi ya chumba sokoni, leseni ya kaunti, rafu, na uzi. Kuhesabu hakukupunguza imani yake. Imani yake ndiyo inayomwamsha saa kumi na moja asubuhi kwenye baridi ile kusokotea wateja ambao bado hajawaona.

Na duka likifunguliwa, nawaomba kitu kimoja zaidi. Msiende na "bei ya kanisa." Methali 20:14 inamwonyesha mnunuzi anayesema kitu hiki ni kibaya, ni kibaya, kisha akiondoka anajisifu. Mtu huyo amejaa kwenye makanisa yetu, na anaanza na "Bwana asifiwe." Utamwambia mama kwamba sweta ya mtumba ni rahisi. Ni kweli, ni rahisi, na kama mfuko wako ni wa mtumba, nunua mtumba bila aibu, hata mimi nanunua. Lakini usishike shali iliyomchukua wiki kadhaa ukaitaka kwa bei ya mtumba kwa sababu mnaabudu pamoja. Ukimpenda dada yako katika Bwana, mlipe kamili, tena mlipe leo. Duka dogo haliuawi na wachawi. Linauawa na "nitakutumia jioni."

Na wewe unayesoma hili ukiwa katika msimu wako wa baridi, unasoma kozi usiku, unaweka shilingi 50 kwa chama, unafuga kuku sita ukitaka kufikia sitini: hujachelewa. Usimruhusu mtu yeyote, hata mchungaji wako, avute uzi wako hadi ukatike. Lakini pia usilegee. Baridi si sababu ya kulala. Kanyaga gurudumu lako leo.

Tuombe.

Baba, nisamehe nilipochukua sufu ya mtu nikaiita mbegu. Nifundishe kuuliza kama Elisha, una nini nyumbani, na kunyamaza nisikie jibu. Walinde wanaojiandaa mahali ambapo hakuna anayewapigia makofi. Wape vidole visivyochoka na moyo usioharakishwa. Siku mlango wa duka utakapofunguliwa, rangi yao ishike. Katika jina la Yesu. Amina.

Jumapili hii baada ya ibada nitaketi ofisini hadi saa kumi. Kama nilikuchukulia kitu kwa njia ile, njoo. Hutaulizwa maswali mengi.

Mbarikiwe.