Nguo za mtoto haziwekwi kwenye majani

Mama, mmeniuliza kama ile kamba ya mwavuli, inayozunguka na upepo, inafaa kwenye nyumba yenye kichanga. Inafaa, kama uwanja ni mdogo na hela ipo. Ila kamba ya kawaida iliyofungwa juani, kwangu mimi inatosha kabisa. Kinachonikera ni nepi kutandazwa kwenye majani, au kuanikwa chini ya mwembe eti zisipauke.

Kuna nzi wa embe. Anapenda kivuli, hutaga kwenye nguo mbichi na kwenye mchanga wenye mkojo. Mayai huanguliwa ndani ya siku 1 hadi 3, na funza akigusa ngozi ya mtoto anaingia. Utaona kijipu chenye kitundu katikati, mtoto halali. Usikikamue jamani, funza akipasukia ndani ni balaa lingine. Mlete kituoni.

Kwenye mwavuli, nepi na shuka ziweke kamba za nje. Nguo za baba zikae katikati. Zikikauka anua, piga pasi ya moto ndani na nje, ukandamize kwenye mapindo. Najua mkaa umepanda bei. Ukiwa kidogo, anza na za mtoto.