Mwanafunzi wa Fildi Si Mzigo

Katika vitengo vya utengamao Dar es Salaam kuna kauli iliyozoeleka: mwanafunzi wa fildi anakula muda. Foleni ndefu, mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo, halafu chuo kinaleta vijana wawili wa kufundishwa! Kauli hiyo ni potofu, na wanaoumia ni wagonjwa wa Mbagala na Tandale.

Ni kweli, wiki ya kwanza ni nzito. Kijana anauliza kila kitu, na faili lake linarudishwa mara mbili. Lakini walalamikaji huihesabu wiki hiyo tu.

Kuona faida ya wiki zinazofuata, tazama kiti cha karatasi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa mara nyingi hulishwa akiwa amelala. Chakula kikimpalia kikaingia mapafuni, nimonia haiko mbali. Mbinu iliyoanzia Zimbabwe hugeuza maboksi na magazeti ya zamani, yakibandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, kuwa kiti kigumu cha kumkalisha. Malighafi ni karibu bure. Ghali ni muda: kupima nyonga na mgongo, kubandika, kuanika juani siku kadhaa, kumjaribisha mtoto, kukata upya ukingo unaomchoma pajani. Mtaalamu mwenye foleni mlangoni atazitoa wapi saa hizo? Mwanafunzi anazo. Anaweza pia kupanda daladala hadi Mbagala, akamwona mama aliyepata kiharusi akisonga ugali kwa mkono mmoja, sufuria ikizunguka juu ya jiko la mkaa. Hilo halionekani wodini.

Msimamizi naye hunolewa. Akiulizwa "kwa nini zoezi hili?", hawezi kujibu kwamba ndivyo alivyozoea.

Isitoshe, Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo linamtaka kila mwanafunzi atimize angalau saa 1,000 za mafunzo kazini. Chuo cha KCMC cha Moshi, ambako fani hii ilianza kufundishwa nchini, hakiwezi kuzitimiza darasani. Hospitali inayowafungia vijana mlango leo, kesho itaandika barua ya kuomba watumishi, na watumishi hao watakuwa hawajawahi kuuona uchochoro wa Tandale.

Waganga wafawidhi wa Kinondoni na Temeke wauingize usimamizi kwenye ratiba ya kazi, saa zake zijulikane, na meza ya pili iwekwe kitengoni kabla vijana hawajafika.