Televisheni Inapokataa Kumtambua Mwenye Nyumba

Televisheni ya Uganda ilipoanza kurusha picha mwaka 1963, mwenye chombo alikuwa na usumbufu mmoja mkubwa, nao ni kuigeuzageuza antena mpaka chenga ziondoke kwenye kioo. Chombo hakikumwuliza mtu jina lake. Televisheni za leo zinazotumia intaneti huuliza jina na neno la siri kabla ya kuonyesha chochote, na siku zinapokataa kuyapokea, nyumba nzima huingia katika fadhaa.

Ichukuliwe nyumba moja ya Port Bell, kwenye barabara ishukayo kutoka Luzira kuelekea gatini. Umeme umekatika tangu usiku, umerudi mchana, na watoto wanangoja somo lao la hesabu. Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, zisifunguliwe zote hadi Januari 2022, wazazi wengi walizoea kuitegemea televisheni kama mwalimu wa akiba, na mazoea hayo hayakwisha. Mama anawasha chombo, anaandika neno lake la siri herufi baada ya herufi kwa rimoti, na jibu linakuja kwamba imeshindikana kuingia. Anaandika tena. Mara ya tatu anashuku kwamba neno lake limeibwa, analibadilisha kwa simu, na hapo simu nayo inaanza kumdai uthibitisho. Tatizo lililokuwa moja sasa ni mawili.

Katika hali kama hiyo, kitu cha kwanza cha kutazama si neno la siri. Ni saa na tarehe ya televisheni.

Sababu yake ni hii. Kila programu ya picha inapofungua mlango wa kuingilia, huonyesha kwanza cheti cha kuthibitisha kwamba mlango huo ni wa kampuni yenyewe, si wa tapeli. Cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Televisheni hukilinganisha na saa yake yenyewe. Sasa, televisheni nyingi za bei nafuu hazina betri ya kuitunza saa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, ambayo huweza kuwa mwaka wa kutengenezwa kwake au hata 1 Januari 1970. Kwa chombo kinachoamini kwamba ni mwaka 1970, kila cheti cha leo bado hakijaanza kazi. Kinafunga mlango, na badala ya kusema kwamba saa yake ni mbovu, kinatoa maneno ya jumla yanayomfanya mtu ajilaumu.

Dawa yake ni nyepesi. Katika orodha ya mipangilio, itafutwe sehemu ya tarehe na saa. Kama saa imewekwa ijirekebishe yenyewe na bado ina kosa, utaratibu huo uzimwe, tarehe iandikwe kwa mkono pamoja na mwaka, na ukanda wa saa uchaguliwe wa Kampala au Nairobi, ambao ni mmoja: saa tatu mbele ya ile ya Greenwich. Hapa yafaa kuwa mwangalifu, kwa maana Kiswahili, kama Kiganda, huhesabu saa tangu mapambazuko, na televisheni haijui hesabu hiyo. Saa nane mchana huandikwa 14:00, na saa mbili usiku huandikwa 20:00. Anayeandika 8:00 kwa kuwa ni saa nane ameirudisha saa nyuma kwa saa sita nzima. Ile desturi ya kuchomoa waya ukutani na kungoja dakika mbili ni njema, lakini ifanywe kabla ya kurekebisha tarehe. Ikifanywa baadaye, chombo huweza kusahau tena.

Tarehe ikiwa sahihi na mlango bado umefungwa, simu itumike kama shahidi. Iunganishwe kwenye intaneti ileile na ifungue ukurasa ambao haijapata kuufungua. Ikishindwa, kosa ni la mtandao au bando limekwisha. Nyumba zinazonunua intaneti ya vocha kwa jirani zina shida yao ya pekee: mtambo wa jirani hudai namba ya vocha kwenye ukurasa maalumu, na programu nyingi za televisheni haziwezi kuuonyesha ukurasa huo. Televisheni huonekana imeunganishwa, kumbe imesimama nje ya lango. Kivinjari cha televisheni, kama kipo, huweza kuufungua. Kama hakipo, ni afadhali simu igawe intaneti yake yenyewe.

Nchini Uganda kuna jambo jingine la kutazama. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, na tena Facebook ilipofungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, watu wengi waliweka katika simu zao programu za VPN zinazoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, bali programu zenyewe zilibaki katika simu nyingi. Televisheni ikijitambulisha kutoka Kampala, na simu ya mwenyewe ikithibitisha kutoka Uholanzi, kampuni huweza kushuku wizi na kukataa. VPN izimwe kwa dakika chache za kuingia.

La hatari zaidi kuliko yote hayo ni kumwita mtu wa kusaidia pasipo tahadhari. Fundi mwenye haraka atakirudisha chombo katika hali ya kiwandani, programu zote zifutike, na bando litumike upya kuzipakua. Na kama tarehe ndiyo iliyokuwa mbovu, itabaki mbovu. Tena si ajabu duka la simu kumfungulia mteja akaunti kwa namba ya simu ya muuzaji, ili kazi iishe upesi. Akaunti hiyohiyo ndiyo inayohifadhi picha za familia na majina ya watu wote wa simu yake, lakini siku ya kuthibitisha, ujumbe unakwenda kwa mtu ambaye huenda amekwisha hama duka. Namba hiyo ibadilishwe mapema, wakati akaunti ingali wazi, na iwekwe ya mwenye nyumba.

Kuhusu namba za kuthibitisha, zipo za aina mbili, na tofauti yake ni pesa na heshima ya mtu. Namba inayotokea kwenye kioo cha televisheni huandikwa kwenye simu ya mwenyewe. Hudumu dakika chache tu, na ikichelewa huombwa nyingine. Namba inayokuja kwa ujumbe wa simu haisomwi kwa mtu yeyote, hata kama anayepiga anajiita mfanyakazi wa kampuni na anataja jina la mwenye simu kwa adabu zote.

Zipo pia televisheni zilizozeeka kabla ya vioo vyake kuchoka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi, kilichotegemewa na kurasa nyingi mno duniani, kilimaliza muda wake, na vyombo ambavyo programu zake hazikuwa zimefanywa upya vikakwama ingawa saa zake zilikuwa sahihi. Kuirudisha saa nyuma ili kuvihadaa hakufai, kwa kuwa vyeti vipya vitaonekana havijaanza. Itafutwe programu mpya ya kiwandani, ambayo aghalabu huweza kuwekwa kwa USB. Isipopatikana, kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI kitafanya kazi ya intaneti, na kioo cha zamani kitaendelea kuonyesha picha tu, kama kilivyofanya cha mwaka 1963.