Mamlaka ya Muuguzi Yaanzie kwenye Kinga

Mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha Colorado, Marekani, mafunzo ya kumwandaa muuguzi apime, atambue ugonjwa na kutibu. Je, na sisi Tanzania tumpe muuguzi wa zahanati mamlaka hayo rasmi?

Wanaopinga wanahofia usalama wa mgonjwa, na hofu yao ina msingi. Lakini vijijini, tabibu akisafiri, mgonjwa hubaki mikononi mwa muuguzi. Kumnyima mafunzo na mamlaka hakumpunguzii kazi, bali humwacha aifanye bila ulinzi wa sheria. Naunga mkono apewe, ila tumpime kwa kinga na maadili kabla ya kumkabidhi kalamu ya kuandika dawa.

Tuangalie kata ya Ringwani, wilayani Serengeti, mkoa wa Mara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa mkoani humo asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa; kitaifa ilikuwa asilimia 10. Muuguzi mkunga hukutana na madhara hayo kwenye chumba cha kujifungulia: kovu halitanuki, mama anachanika, damu inatoka. Akishamshona, ametibu. Lakini kama kichanga ni cha kike, kazi ya kinga ndiyo kwanza imeanza. Azungumze na mama, amwite baba siku ya chanjo, asiache kuifuatilia familia hadi misimu ya ukeketaji ya Desemba impite binti salama.

Nadharia ya uuguzi ya Dorothea Orem inafundisha kwamba muuguzi huingia pale mtu, au mzazi wa mtoto, anaposhindwa kutoa matunzo yanayohitajika. Binti anayeandaliwa kukeketwa yuko hapo hasa.

Ugumu uko kwenye kutunza siri. Muuguzi akitoa taarifa za mpango wa kumkeketa binti, akina mama wanaweza kuikimbia kliniki. Akinyamaza, mtoto anaumizwa. Kwangu mtoto ndiye wa kwanza. Sheria ya 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa aziripoti.

Tatizo ni kwamba muuguzi huyo anachota maji kisima kimoja na familia aliyoiripoti. Kwa hiyo mamlaka mapya yaje pamoja na afisa ustawi wa jamii anayefika akiitwa, dawati la jinsia la polisi linalotunza jina la mtoa taarifa, na mwajiri anayemhamisha haraka akitishwa. Bila hayo, tutakuwa tumemwongezea wajibu na kumwacha peke yake.