Maoni Yetu: Mashujaa wa Katuni na Jasusi wa Kuchekesha



Si jambo geni siku hizi kumkuta mtoto wa nyumba ya Kiislamu ameinamia kitabu cha katuni, au ameketi mbele ya televisheni akitazama majasusi wakifukuzana. Wako wazazi waonao kuwa dawa ni kuvipiga marufuku vyote. Wako na wengine wanaoviacha vyote viingie nyumbani, maadamu mtoto ametulia na hasumbui. Sisi twaona kuwa wote wawili wamekosa jambo moja, kwani huyu hakusoma alichokikataza, na yule hakusoma alichokiruhusu. Basi mwezi huu tumependa kuvitazama kwanza, ndipo tutoe maoni yetu.

Hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilipata umaarufu Marekani mwaka 1938, vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walipomtoa Superman. Tangu hapo mashujaa wa namna hiyo wamekuwa wengi mno, lakini kwa miaka mingi ilikuwa nadra kuiona humo nyumba ya Waislamu ikielezwa kwa wema na kwa ujuzi. Ndiyo maana watu wengi walishangaa mwaka 2014, kampuni ya Marvel ilipoanza kutoa matoleo ya *Ms. Marvel*, ambayo shujaa wake ni Kamala Khan, msichana wa miaka kumi na sita, Mwislamu, mkazi wa Jersey City, ambaye wazazi wake walitoka Pakistani. Mwandishi wake alikuwa G. Willow Wilson, mwanamke Mwislamu wa Marekani, na mhariri Sana Amanat, naye Mwislamu. Mwaka 2015 kitabu cha kwanza kilichokusanya matoleo hayo kilipewa tuzo ya Hugo.

Tuliyoyapenda humo ni haya. Kamala anapopata nguvu za kubadili umbo, jambo la kwanza analolifanya ni kujigeuza mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, kwani ndivyo alivyodhani shujaa hana budi kuwa. Katika sura hiyo anamwokoa majini msichana aliyezoea kumdhihaki, naye anakumbuka aya ya Kurani ambayo baba yake hupenda kuitaja, juu ya ukubwa wa kuokoa nafsi moja. Lakini mara aona kuwa ile sura ya kuazima haimkai: nguo zambana, nywele zamwingia usoni, wala furaha aliyoitarajia haipati. Polepole afahamu kuwa tendo jema lilikuwa lake, na sura haikuwa yake. Vijana wangapi leo hawajaonja ugonjwa huu, wa kudhani kuwa mtu hawi kitu mpaka afanane na mwingine?

Tulilipenda pia toleo ambalo Kamala anapelekwa kwa Sheikh Abdullah ili aonywe. Alitazamia kukaripiwa. Sheikh, badala ya kumkaripia, anamsikiliza, na kisha anamshauri kuwa ikiwa hataki kuiacha kazi hiyo, basi aifanye kwa sifa njema, tena ajitafutie mwalimu. Waalimu wetu wa vyuoni na watoto wasome pamoja ukurasa huo.

Lakini hatutayaficha yasiyotupendeza. Kamala aliutoka usiku nyumbani kwao baada ya kukatazwa, na tangu hapo amewaficha wazazi wake mambo mengi. Hadithi haikusema kuwa hilo ni jema. Hata hivyo mtoto asomaye peke yake huenda akadhani kuwa kuwadanganya wazazi ni sehemu ya ushujaa. Hapo ndipo sauti ya mzazi inapotakiwa.

Sasa tuje kwenye matoleo ya karibuni, ambayo vijana wameyajadili sana. Mwezi wa Mei 2023, katika toleo la 26 la *The Amazing Spider-Man*, Kamala aliuawa. Hakuuawa katika kitabu chake mwenyewe, bali katika kitabu cha shujaa mwingine. Na saa ya kufa alikuwa amejigeuza sura ya Mary Jane, mwanamke mwingine, ili amhadae adui. Wasomaji wengi walikasirika, nasi twaona walikuwa na haki. Kitabu cha 2014 kilimfunza msichana huyu kuivua sura ya kuazima. Hiki cha 2023 kikamfisha akiwa ameivaa. Somo lote lililojengwa kwa subira likabomolewa katika kurasa chache.

Baya kuliko hilo ni lililofuata. Mwezi wa Julai mwaka ule ule akafufuliwa, na mwezi wa Agosti ukaanza mfululizo mpya ulioitwa *Ms. Marvel: The New Mutant*. Desturi hii si ngeni kwao. Superman naye aliuawa katika toleo la Novemba 1992, watu wakapanga mistari madukani kulinunua, na mwaka 1993 akarudi. Katika biashara hiyo kifo kimekuwa tangazo la duka. Sisi tuliofundishwa kuosha maiti kwa heshima, kufuatana na jeneza mpaka kaburini na kuwapikia wafiwa, hatuwezi kuliona hili kuwa ni mchezo mdogo. Mtoto aliyezoea kuwa kila afaye hurudi toleo lijalo, tutamwambia nini siku bibi yake atakapozikwa?

Hata hivyo uadilifu watudai tuseme kuwa mfululizo huo mpya si mbaya wote. Aliyeshiriki kuuandika pamoja na Sabir Pirzada ni Iman Vellani, kijana Mwislamu aliyezaliwa Karachi na kukulia Kanada, ambaye ndiye aliyecheza nafasi ya Kamala katika televisheni mwaka 2022. Yeye na mwenzake hawakukipuuza kifo kile, bali walimwonyesha Kamala akisumbuliwa na ndoto mbaya, bila kuelewa sawasawa yaliyompata. Walijaribu kulipa deni lililokopwa na wengine.

Na sasa tumgeukie jasusi. Mchezo wa *Get Smart* ulionyeshwa Marekani tangu 1965 mpaka 1970, na hata leo unatazamwa. Waliouanzisha ni Mel Brooks na Buck Henry, nao walikusudia kuwacheka majasusi wa mfano wa James Bond, waliokuwa wakitukuzwa katika sinema za siku zile. Shujaa wake, Maxwell Smart, aliyechezwa na Don Adams, ana simu ndani ya kiatu, na ana kuba la kuzungumzia siri, ambalo waingiao chini yake hawasikilizani wao kwa wao! Ni mtu wa majivuno asiyejua neno lakini hujibu yote. Aliye na akili ni mwenzake wa kike, aitwaye 99, ambaye hatajwi hata jina. Wazee wetu walitusimulia visa vya Abunuwasi, aliyewashinda wakubwa kwa werevu. Huyu Smart hushinda kwa bahati tu, na kicheko chamwangukia yeye mwenyewe. Kumcheka mwenye kiburi ni kicheko chenye faida.

Lakini mchezo huo unaye adui mmoja Mwasia, ambaye mzaha wake wote ni kuwa hawezi kulitamka jina lake kwa Kiingereza. Hapo twasema hapana. Sura ya Hujurat imekataza watu kudharauliana, na aya inayofuata imekataza kupelelezana. Mchezo huu waweza kutusaidia katika lile la pili, kwa kuwa unamfanya mpelelezi aonekane mpumbavu. Katika lile la kwanza umekosea. Nasi tulio na lafudhi zetu, tuchekwao tuzungumzapo lugha za wageni, tungepaswa kuwa wa mwisho kuucheka ulimi wa mtu.

Ushauri wetu basi ni huu. Mzazi asome toleo moja kabla ya kuhukumu matoleo mia. Kisha amwulize mtoto wake maswali matatu: Huyu mwenye nguvu, nguvu zake zamfaa nani? Tunachekeshwa kwa hasara ya nani? Na kifo hapa kimepewa heshima yake? Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo atajiuliza mwenyewe siku ambayo sisi hatupo kumchagulia kitabu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye wa kutuwafikisha.