Tubadilishe bunduki kwa pikipiki, lakini tusidanganyane

Kuna siku nilikuwa Makutano, kaunti ya Pokot Magharibi, nikingoja matatu ya kurudi Kitale. Gari lilikuwa halijai, basi nikaanza kupiga stori na jamaa wa bodaboda aliyekuwa ameegesha kando yangu. Kijana wa rika langu tu, mpole, anavaa jezi ya timu ya Uingereza kama wasee wote wa mtaani. Nikamsifu kwa pikipiki yake, maana ilikuwa imesuguliwa ikang'aa.

"Hii unaona hapa ilikuwa bunduki," akaniambia.

Nilidhani ananiletea stori za jaba. Akanieleza polepole. Alikuwa na bunduki ya kulinda mifugo tangu akiwa kijana mdogo. Mamake alipougua, akachoka kulala porini. Akapata mnunuzi, akauza ile bunduki, akaongeza pesa za mbuzi kadhaa, akanunua pikipiki kuukuu. Sasa anabeba abiria, analipa karo ya ndugu yake mdogo, na jioni analala kwao.

Nikafurahi sana. Nikamuuliza, "Na ile bunduki sasa iko wapi?"

Akacheka kidogo, akainua mabega. "Iko kazi."

Jibu hilo limekataa kutoka kichwani mwangu. Yule kijana aliokoka, na simlaumu kwa kutaka maisha. Lakini bunduki haikuokoka pamoja naye. Ilibadilisha bega tu. Leo huenda iko kwa barobaro mwingine wa miaka 17 anayeambiwa kwamba mwanamume ni ng'ombe aliorudi nao.

Ndiyo maana nikisikia watu wakisema "wapewe pikipiki warudishe bunduki", mimi naunga mkono. Ila naunga mkono kwa masharti, na masharti yenyewe hayajatoka hewani. Yametoka kwa wenzetu waliojaribu kabla yetu.

Kwanza tukubali jambo moja. Kaskazini mwa Kenya bunduki imekuwa bidhaa ya kubadilishana kwa miaka mingi, kama debe la mahindi sokoni. Watafiti wa silaha ndogondogo hupenda kutaja mfano wa Kolowa, kule Baringo. Mwaka 1986, AK-47 moja huko ilibadilishwa kwa ng'ombe 15. Kufikia 2005, ng'ombe wanne walitosha. Bei ilishuka kwa sababu mali ilijaa sokoni. Idi Amin alipong'olewa mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Karamoja, liliporwa. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Somalia, na ya Mengistu ikaanguka Ethiopia mwaka huohuo. Vita vya Sudan navyo vilikuwa vinaendelea. Silaha zote hizo zilitafuta wateja, na wateja walikuwa wachungaji wa mpakani.

Kwa hivyo kumpa mtu kitu ndipo atoe bunduki si wazo la kizungu lililotua juzi. Ni biashara ileile, tunachotaka ni igeuzwe ielekee upande mwingine.

Tuangalie Msumbiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kuanzia 1977 hadi mkataba wa amani wa 1992. Vilipoisha, silaha zilibaki zimefukiwa mashambani na kufichwa kwenye mapaa. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mradi wa kugeuza silaha kuwa majembe. Ukileta bunduki unapewa baiskeli, au cherehani, au majembe, au vifaa vya kujengea. Kijiji kimoja kilikusanya silaha 500 kikapewa trekta.

Lakini sikiliza sehemu muhimu. Silaha zile hazikupelekwa kwa ghala lingine. Zilikatwakatwa. Baadhi ya vipande wakapewa wasanii. Mmoja wao, Kester, alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki mwaka 2001, na leo kiti hicho kiko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ukiona mtutu umekuwa mguu wa kiti, unajua haurudi tena porini. Mwananchi aliyetoa bunduki yake alikuwa na hakika kwamba jirani yake hatauziwa hiyohiyo kwa mlango wa nyuma.

Katanga, kule Kongo ambako wanaongea Kiswahili kama sisi, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC walifanya jambo la aina hiyo miaka ya 2000. Leta bunduki, chukua baiskeli. Kwa mtu wa Nairobi baiskeli ni ya mazoezi ya Jumapili. Kwa kijana wa kijiji kisicho na barabara, baiskeli ni lori lake. Inabeba makaa, mihogo, mafuta ya mawese na hata mgonjwa. Mtu alipewa kazi, hakupewa zawadi.

Sasa tuje kwa jirani wa karibu kabisa, Karamoja, Uganda. Hapa ndipo somo chungu liko. Mwishoni mwa mwaka 2001, serikali ya Uganda iliwaomba wafugaji wasalimishe bunduki kwa hiari. Waliahidiwa jembe la kukokotwa na ng'ombe, mabati, na zaidi ya yote, ulinzi. Takriban bunduki 10,000 zilikusanywa. Si mchezo. Halafu jeshi likahamishwa kwenda kupambana na waasi wa LRA. Waliotoa bunduki wakabaki mikono mitupu huku jirani zao wakiwa bado na zao. Wakavamiwa. Ng'ombe wakaenda. Wengi wakalalamika kwamba hata ahadi za majembe na mabati hazikutimizwa zote. Unadhani walifanya nini? Walitafuta bunduki nyingine. Na kufikia 2006 serikali ilikuwa inazingira vijiji na kuwapokonya watu kwa nguvu, pamoja na uchungu wote unaokuja na njia hiyo.

Jembe halikufeli. Ulinzi ndio uliofeli. Huwezi kumwambia mtu atupe fimbo wakati fisi bado yuko zizini.

Na sisi Wakenya? Tumezoea njia mbili. Ya kwanza ni operesheni. Februari 2023 serikali ilitangaza maeneo ya kaunti sita za Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu kuwa hatari, ikawapa wenye silaha siku tatu wazisalimishe, kisha jeshi likaingia kusaidia polisi. Siku tatu, kwa mtu ambaye babake na babu yake walilala na bunduki kando ya kichwa! Na tusijifanye hatuelewi kwa nini dola ilikuwa na hasira. Novemba 2012 maafisa wa polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi. Walikuwa vijana kama sisi, wengine walikuwa wametoka chuo cha mafunzo juzi tu.

Njia ya pili ni moto. Mwaka 2016 silaha 5,250 zilichomwa Ngong. Juni 2021 zikateketezwa nyingine 5,144. Hilo nalipigia makofi, kwa sababu bunduki iliyoyeyuka haiui. Lakini kuchoma ni hatua ya mwisho. Mimi nauliza kuhusu hatua ya kwanza, yaani kijana anayeamua usiku, peke yake, kama ataleta au atafukia.

Najua kuna msomaji wa Kayole au Likoni ambaye ameshaanza kukasirika. Anasema: "Mimi sijawahi kushika bunduki. Nimemaliza chuo, natafuta kazi mwaka wa tatu. Pikipiki mpya ni zaidi ya Sh150,000. Kwa hivyo ningekuwa jambazi ndipo nipewe?" Hiyo ni hoja nzito na sitaikwepa. Ukimtuza kila mwenye bunduki, unawafundisha wasio nayo kwamba bunduki ni hundi. Kesho mtu atanunua mbovu ya bei ya chini, alete, achukue pikipiki, na kwa faida akanunue nzima.

Jibu langu ni hili. Tusimpe mtu, tuipe jamii. Msumbiji walionyesha hilo na lile trekta. Eneo likileta bunduki kiasi walichokubaliana, lipate kisima, zahanati, soko la mifugo, na kikundi cha vijana kipate pikipiki kwa chama, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuua hata kuku. Hapo wazee, akina mama na vijana wote wanakuwa na sababu ya kumuuliza yule mmoja anayeficha, "Wewe unatuchelewesha kwa nini?" Shinikizo la mama yako mzazi lina nguvu kuliko helikopta.

Na kwa mtaani, kwa sisi wa mjini, mambo ni tofauti kidogo. Huku hakuna ng'ombe wa kulinda. Mguu wa kuku unakodishwa usiku na kurudishwa asubuhi, na anayeukodisha hata hatoki kwake. Kijana anayepigwa risasi ni yule wa kukodi. Pikipiki pekee haitamtoa hapo, maana sote tunajua pikipiki yenyewe pia hutumiwa kunyakua simu na kutorokea. Kinachomtoa ni kuweza kujisalimisha bila hofu kwamba atapatikana kesho mtoni. Mpaka kijana wa Dandora aamini kwamba anaweza kumkabidhi mtu silaha mchana, mbele ya mchungaji, imamu, au chifu, na arudi nyumbani akiwa hai, hata ukimpa gari jipya hatakuja.

Wengine watasema pesa hakuna. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, na tazama kilichotokea: leo ukienda kijiji chochote utapata steji ya boda. Uamuzi mmoja wa bajeti uliwapa vijana wengi kazi kuliko semina mia. Kwa hivyo tunajua jinsi ya kufanya mambo makubwa tukitaka. Na operesheni nazo zina gharama, mafuta, posho, magari yaliyochomwa, na mazishi.

Pia tunajua kwamba heshima inaweza kupatikana kwingine. Tegla Loroupe, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda mbio za New York Marathon mwaka 1994, alirudi nyumbani Pokot akaanzisha mbio za amani, ambapo mashujaa wa jamii zinazopigana hukimbia pamoja. Hakuna bunduki kwenye mstari wa kuanzia. Kijana wa miaka 17 anataka jina. Ukimnyima jina la heri atachukua la shari.

Kwa ufupi, masharti yangu ni manne. Bunduki iliyotolewa iharibiwe hadharani, watu waone. Ulinzi uje kwanza, na pande zote za mpaka zitoe silaha kwa pamoja, wasiachwe wengine uchi. Malipo yawe ya jamii, si ya mwenye mtutu peke yake. Na anayejisalimisha asiwindwe baadaye. Bila hayo manne, pikipiki itakuwa hongo tu, na hongo huisha mafuta.

Nikirudi kwa yule jamaa wa Makutano: aliniambia kuwa hofu yake kubwa ni usiku mmoja kusikia mlio anaoujua. Kila bunduki kuukuu ina sauti yake, alisema, na yeye ya kwake angeitambua hata usingizini. Anabeba abiria mchana kutwa akijua kwamba siku moja kitu alichokiuza kinaweza kurudi kwa boma la mama yake.

Angekuwa na mahali pa kuipeleka ikavunjwe, angeipeleka. Aliniambia hivyo mwenyewe, kabla matatu haijajaa. Hakukuwa na mahali. Kulikuwa na mnunuzi.